Maji ya kwa Kaimenyi

Nyumba ya Kaimenyi pale Mitunguu ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, alipomwita Joyline, fundi wa mabomba, wapange habari ya maji. Kisima kilikuwa kimechimbwa palepale lilipokuwa jiko la mamake Joyline enzi shamba lile lilipokuwa lake, kabla Kaimenyi hajalitwaa. Mama alikwenda kufia kwenye chumba cha kupanga sokoni. Kaimenyi alijua vizuri Joyline ni mtoto wa nani. Alimwita kwa kuwa hakukuwa na fundi wa kumshinda.

"Maji yana matope," alisema. "Tena yananung'unika."

Joyline akatega sikio kwenye ndoo. Ilikuwa sauti ya mamake, nzito, kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni.

"Ni uchafu tu, mzee. Tuanze na tangi la mchanga na kokoto."

Mchanga ukashika matope, na maji yakaanza kutamka. Maneno mawili matatu yalisikika, mengine yakapotea. Kaimenyi akalalamika. Joyline angeweza kumshauri akifukie kisima, achimbe kwingine. Hakumshauri. Moyo wake ulikuwa umetulia tuli, kama wa mtu anayenoa panga.

"Hapo panataka makaa," alisema, akafunga chujio la makaa. Baada ya makaa akaleta la nyuzi, linaloshika hata kisichoonekana kwa macho. Kila nati aliikaza mwenyewe.

Siku ya kubariki nyumba, wageni walipiga foleni kwenye sinki la nje kunawa mikono. Maji yalitoka maangavu.

"Kaimenyi," yalisema, kila neno wazi, "ulinishika kidole gumba ukakibandika kwenye karatasi, ukaniambia ni ya mbolea ya serikali. Thuranira akatia sahihi ya shahidi."

Wageni walisikiliza hadi mwisho, wakajifuta mikono, wakaenda kupakua chakula. Pasta alibariki vyumba vyote vinne. Kaimenyi aliongeza sauti ya spika. Hatimiliki ilibaki kabatini, ina jina lake.

Thuranira naye alinawa, akakung'uta mikono, akamfuata Joyline penye tangi.

"Kazi safi, fundi. Hata mimi naanza kujenga. Utanifanyia kama hii?"

"Nitakufanyia, mzee. Kisima umechimba wapi?"

"Kwa shamba la marehemu kaka yangu. Watoto wake walihama."

"Walihama, ama walihamishwa?"

Thuranira alitazama sahani za nyama zikipita.

"Haidhuru," alisema Joyline, akitoa futi mfukoni. "Bado ni mapema. Twende tukapime."