Kuitwa Mara Tatu

Msusi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele za wateja wake, kwa hiyo alipoandika kitabu cha maisha yake hakuna aliyeshangaa saluni. Kumweleza mama yake ndiko kulikomtoa jasho. Kwao mambo ya ndani hayatoki nje, naye alikuwa ameyatoa yote, tena asubuhi ile gazeti lilikuwa limechapa sura ya kwanza.

Akaingia kwa mlango wa uani, kimyakimya, kama mwizi kwao. Mama alikuwa jikoni anapiga pasi. Katika chumba cha mbele, baba yake, fundi saa, alikuwa ameinamia meza yake, amewapa mgongo, akipokea saa za wateja kupitia kidirisha. Mlango wa pembeni yake ulikuwa na komeo nene, na haukufunguliwa ila kwa watu wa nyumbani.

"Mama, usinifokee. Sikiliza kwanza," alisema, akakunjua gazeti na kusoma:

"Sisi ni ukoo wa mafundi saa tangu babu wa babu. Kwetu mtu haitikii akiitwa mara moja, wala mbili. Ukitaka baba akufungulie, ita 'Fundi' mara tatu, na kabla ya ile ya tatu uvute pumzi. Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kuitika upesi. Shuleni walimu walidhani mimi kiziwi. Huo ndio ukaidi wa ukoo wetu, nami najivunia."

Alitegemea mama acheke, au amrushie kandambili. Mama alikuwa amesimama tu, pasi imetua juu ya shati la baba, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Umetaja na mtaa?"

"Na picha ya mlango ipo. Mama, shati!"

Mama aliinua pasi. "Hakuna ukoo wa mafundi saa, mwanangu. Tuliutunga. Baba yako alikuwa dereva. Alimwona bosi wake akiua mtu, akaenda mahakamani akamnyooshea kidole. Yule bwana alifungwa, akaapa kwamba akitoka atamtafuta mpaka ampate. Tukahama, tukabadili majina, baba yako akajifunza saa kwa kuwa ni kazi ya kukaa ndani. Ule wito ni wetu sisi watatu tu. Ndivyo anavyojua kwamba aliye nje ni wa kwake."

"Na huyo bwana?"

"Alitoka mwaka jana."

Msusi akalitazama gazeti mkononi mwake. Babu wa babu, ukaidi, fahari, kitabu kizima! Alichokiita ukaidi wa ukoo kilikuwa woga wa watu wawili waliomlea, naye alikuwa ameutangaza kwa kila mwenye pesa ya gazeti. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani.

"Baba ameliona gazeti?"

"Hajaliona. Twende tumwambie, lakini polepole. Moyo wake si mzima."

Hawakupiga hata hatua. Nje, sauti ya mwanamume iliita, ya upole kabisa.

"Fundi!"

Baba hakuinua kichwa.

"Fundi!"

Aliendelea kukaza skrubu. Mama alimshika msusi mkono, kucha zikamwingia. Wote wawili walisikia mtu akivuta pumzi nyuma ya mlango.

"Fundi!"

Mzee aliweka bisibisi chini, akanyanyuka huku anatabasamu. Masikio yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Sauti hakuitambua, aliihesabu tu. Wanaomwita hivyo duniani walikuwa wawili, na mmoja alijua yumo jikoni.

"Baba!" msusi alipiga ukelele.

Mzee hakugeuka. Alikuwa ameitwa mara moja tu.

"Nakuja, binti yangu," aliuambia mlango, akavuta komeo.