Dada Yangu Hakuugua

Mbithe alinyamaza katikati ya mwito wa kuuza matikiti. Mwelu, dada yake mkubwa, alikuwa ng'ambo ya barabara katika soko la Kithimani, ameinamia gunia la maharagwe mabichi, akimsikiliza mdogo wake bila kumtazama, kama alivyozoea.

"Nje kijani cha Aprili, ndani ni—"

Kisha breki, kisha kishindo, kisha matikiti yakaanza kubingirika juu ya lami ya barabara ya Garissa. Mwelu aliinua uso akingojea neno lililobaki. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine: kwamba kwa kitambo kifupi hakuogopa chochote. Alikuwa akingoja tu kusikia ndani ni nini.

Kila asubuhi Mbithe alikuwa na mwito mpya. Wauzaji wengine walipiga kelele za kawaida, karibu kastoma, karibu tamu. Yeye alitunga. "Tikiti hili limekunywa mto mzima na bado linacheka!" Madereva waliokuwa wamekwisha kupita walirudi nyuma kinyumenyume wamwone anayesema hivyo. "Wewe wa gari jeupe! Jua la Garissa linakungoja na bakora, pita hapa kwanza nikufiche!" Alikuwa na mdomo, watu walisema, na walisema hivyo wakicheka.

Wakamzika shambani kwao, kando ya kaburi la mama yao, kwa kuwa hakuolewa. Kaka yao Musili ndiye aliyesimamia mazishi, na binti yake Tracy, aliyekuwa chuoni, ndiye aliyetengeneza kile kijitabu cha mazishi chenye picha ya marehemu mbele na maisha yake ndani. Tracy alishika kipaza sauti akasoma vizuri, kwa sauti ya redio.

"Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Alipenda maua, na katika kwaya aliimba sauti ya pili. Aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi, akivumilia maumivu bila kulalamika. Ulipendwa na wengi, Mungu akakupenda zaidi."

"Amina," watu wakasema.

Mwelu aliwatazama. Pale hemani walikuwa wamekaa wanawake wa sokoni waliokusanya matikiti barabarani siku ile. Alikuwepo aliyevua leso yake kumfunika Mbithe miguu. Nao wakasema amina. Baada yao mheshimiwa mmoja alisimama akasifu uvumilivu wa marehemu wakati wa ugonjwa, kisha akazungumzia kisima.

Jioni Mwelu alimkuta Tracy akiosha sufuria.

"Tracy, shangazi yako aliugua nini?"

"Anti?"

"Nauliza aliugua nini. Umesoma mbele ya watu."

Tracy aliacha kusugua. "Aki anti, pole. Ilikuwa ile tanzia ya mwalimu mmoja mstaafu wa Kangundo, iko kwa kompyuta ya pale saiba tulipochapisha. Nilibadilisha majina na tarehe. Nilikuwa nalia, sikuona hiyo ingine. Lakini watu wote hufanya hivyo, anti."

"Najua wote hufanya hivyo."

Hakumpiga. Hakumgombeza hata. Hasira yake ilipita juu ya kichwa cha yule msichana ikaenda kukaa mbali, mahali pakubwa zaidi. Mtoto alikosea, sawa. Lakini umati mzima ulisikia kwamba mwanamke aliyegongwa na lori mchana kweupe aliugua kwa muda mfupi, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Maneno yalikuwa yamewapitia kama upepo unavyopita kwenye wavu wa kuku. Hayakushika kitu. Hayakukusudiwa kushika.

Vijitabu vilichapishwa vingi kupita watu, na vilivyobaki Musili alimletea Mwelu katika mfuko wa unga. "Utawashia moto," alisema. Ukurasa wa nyuma wa kila kimoja ulikuwa mtupu.

Mwelu hakuwa mtu wa kuandika. Alimaliza kidato cha nne, na ushairi aliokutana nao shuleni ulikuwa wa kuhesabu: mizani ngapi, vina gani, taja bahari ya shairi hili, alama nne. Alizipata zile alama. Hakukumbuka shairi hata moja. Sasa alichukua kalamu kwa ajili ya ugomvi tu. Alifungua kijitabu, akakata neno "mpole" kwa mstari mzito hadi karatasi ikatoboka, akageuza nyuma akaandika: Mbithe hakuwa mpole. Akakata "sauti ya pili." Akageuza. Akaandika.

Alipofika kwenye tikiti ndipo alipokwama. Alitaka kusema jinsi Mbithe alivyolichagua. Aliandika "aliligonga akasikiliza." Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa imekufa. Alisikiliza nini? Mwelu alitoka nje, akachukua tikiti lililobaki kwenye kibanda cha nyuma, akaligonga kwa kidole kama mdogo wake. Du? Hapana, du ni la mlango. Tu? Hilo ni la kitu kidogo. Aliligonga tena, sikio chini, mwanamke mzima amepiga magoti kwenye vumbi akibishana na tunda. Ndu. Ndiyo, ndu, na mwisho wake mvumo mdogo kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha ndani. Na lile bichi husema ti.

Aliandika ndu. Mbithe alikuwa pale, ameinama, kiganja shavuni, akimwonyesha kwa jicho anyamaze asimharibie. Neno moja dogo kama punje lilikuwa limefanya kile ambacho kijitabu kizima hakikuweza. Mwelu alikaa chini akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hata kulia kwenyewe kulikuwa na hasira: kwa nini alikuwa ameishi miaka yote hii katikati ya maneno kama mtu anayelala juu ya mbegu bila kuzipanda?

Tangu hapo aliandika kila alipopata nafasi, nyuma ya vile vijitabu, kimoja baada ya kingine, picha ya Mbithe ikiwa imelala juu ya meza kifudifudi.

Wa kwanza kusomewa alikuwa Fathia, mwenye duka la nguo mkabala na mahali Mbithe alipouzia. Fathia na Mbithe walikuwa marafiki wa kutukanana. Mwelu alimsomea akiwa amesimama kati ya madera yaliyotundikwa.

"Rudia hapo," Fathia alisema. "Ulisema alikuwa nini? Nyota?"

"Alikuwa nyota ya soko."

"Toa. Hiyo ni ya kadi ya harusi. Mbithe alikuwa nyota wapi? Mbithe alikuwa na deni la usingizi na meno makubwa." Alikunja nguo kwa nguvu. "Mimi nilikuja mazishini, Mwelu. Nilikaa huko nyuma nikasikiliza, nikamuuliza jirani yangu, kwani leo wanazikwa wawili? Huyu mpole ni nani?"

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Kwetu mtu akifa, mama yangu alikuwa anamtungia shairi, na wanawake wanamsikiliza kama askari. Akiweka uongo wanamzomea hapo hapo, msiba au si msiba. Nyinyi mlidanganya mchana, mkaitikia na amina."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Mgeni, kwa matanga ya watu?" Fathia alimtazama moja kwa moja. "Wewe ulikuwa mbele. Sasa toa nyota, soma tena."

Mwelu alikasirika akaondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi, nyota imetolewa.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Musili alitangaza kwamba wataweka simiti juu ya kaburi na kufanya ibada ya ukumbusho. Kwao simiti huandikwa ikiwa bado mbichi: fundi huilainisha kwa mwiko, kisha huchukua msumari akachora jina na maneno ya familia. Ikishakauka imekauka. Makaburi yote ya ukoo yaliandikwa hivyo, na yote, Mwelu alipoyapitia moja moja, yalisema kitu kimoja: Amelala kwa amani. Babu yao aliyekufa akipigania mpaka wa shamba alikuwa amelala kwa amani. Mtoto aliyeanguka kisimani alikuwa amelala kwa amani.

"Musili," alisema, "yule hakulala."

"Usianze."

"Andika lingine. Lolote. Au uache jina peke yake."

"Watu watasema hatukumwandikia dada yetu hata neno."

"Watu! Watu wale wale waliosema amina?"

Musili alikuwa akinoa jembe. Aliendelea kunoa. "Wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyeitwa kumwinua. Unajua nilimwinua namna gani? Hujui, na sitakwambia. Mimi nataka kupita hapo nisome kwamba amelala. Ni mimi ninayepita hapo kila asubuhi kwenda kwa ng'ombe."

Mwelu alimwacha akinoa. Lakini hasira haikuisha. Ilipata tu huruma ya kukaa nayo.

Siku ya ibada, fundi Maundu alimaliza kulainisha simiti kabla ya watu kuketi, akaifunika kwa nailoni jua lisiikaushe haraka. Msumari ulikuwa nyuma ya sikio lake. Baada ya maombi Musili aliuliza, kwa desturi, kama kuna wa familia mwenye neno. Mwelu alisimama na kijitabu cha mazishi mkononi, na watu walipoona ni kile cha zamani wakatulia kusikia tena kuhusu maua. Alikigeuza nyuma.

"Dada yangu hakuugua.
Asubuhi ile alikunywa chai, akadai sukari zaidi.
Dada yangu hakuwa mpole.
Kondakta mmoja alimwita nyanya,
akapewa jina lililomfuata mpaka Mwingi.
Hakuimba sauti ya pili.
Aliligonga tikiti, akainamisha sikio,
likisema ndu, akasema hili limeiva,
likisema ti, akasema hili lingoje.
Lori halikungoja.
Lilikuja mchana, macho wazi,
na barabara tuliyoiombea matuta
ikalipitisha kama mgeni rasmi.
Nanyi mlikuwepo.
Mliokota matikiti.
Msiniambie amelala.
Mbithe akilala huamka na kudai chai yake."

Hapakuwa na amina. Watu walitazamana. Kisha mwanamke mmoja wa sokoni, Munyiva, akapasuka kicheko, akajiziba mdomo, na nyuma ya kiganja kicheko kikageuka kilio.

"Kondakta mwenyewe bado anaitwa hivyo," alisema akilia. "Mpaka leo! Watoto wanamwita!"

Mwingine akasema, "Na tuliomba matuta, haki ya Mungu. Tulitia sahihi." Na mzee mmoja, kwa hasira, kana kwamba ndiye aliyedanganywa: "Nani alisema aliugua?" Tracy, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameinamisha kichwa. Mwelu alipopita alimwekea mkono begani, ukakaa hapo.

Maundu alikohoa. "Jamani, samahani. Simiti inashika. Niandike nini?"

Wote wakamtazama Musili. Karatasi yenye maneno yake ilikuwa mfukoni mwa shati, ikionekana. Aliondoa nailoni mwenyewe, akachuchumaa, akaigusa simiti ukingoni kwa kidole kuona kama bado ni laini.

"Siku ile," alimuuliza Mwelu bila kugeuka, "alikuwa anaita nini? Najua alikuwa anaita. Sikumuuliza mtu."

Mwelu alimwambia.

Musili alingoja. "Ndani ni nini?"

"Sijui."

"Si wewe unatunga sasa? Malizia."

Kwa mwaka mzima alikuwa amejaribu. Alikuwa na vijitabu vitano vyenye maneno ya kumalizia, mengine mazuri mno, na Fathia aliwahi kumwambia moja liko sawa.

"Sikukatiza mimi," alisema. "Simalizii mimi. Mwenye lori ndiye aliyekata, na pakae wazi pale alipokata. Kila anayepita apaone."

Musili alinyoosha mkono nyuma, Maundu akampa msumari. Hakuwa na mwandiko mzuri. Herufi zilipanda na kushuka, na kwenye neno Aprili alilazimika kusawazisha kwa mwiko akaandika upya. Alipofika mwisho wa maneno alichora kistari, kirefu, hadi ukingoni.

Siku hizi Musili akienda kwa ng'ombe hupitia njia ya juu, na mara moja tu kwa wiki ndipo hupita kaburini. Mwelu ameacha maharagwe, anauza matikiti pale pale Mbithe alipouzia, na kila asubuhi huwa na mwito mpya. Fathia humzomea kutoka dukani mwito ukiwa mbaya.

Matuta hayajawekwa.