Jina la Nyangate

Asubuhi nzima seva yetu ya Kisii iliikataa kompyuta mpya ya zahanati ya Manga, nami, msimamizi wa seva hiyo, nilikuwa nimeshamkaripia Mose, karani wa huko, mara mbili kwa simu.

"Mmeipa jina gani?"

"Nyangate, kama ile ya zamani."

Nyangate alikuwa kaka yangu, karani aliyemtangulia Mose. Tulimzika Aprili.

Nikamweleza kwa ukali kwamba seva huruhusu majina yaliyo kwenye orodha tu. Ikishapata jina la anayebisha hodi, hutafuta jina hilo lina anwani gani, na isipolingana na anwani anakotokea humfukuza. Jina la Nyangate bado lilikuwa na anwani ya kompyuta yake, ile iliyopigwa na radi.

"Nani alipaswa kuifuta?" Mose akauliza.

"Mimi. Sikuwa na moyo."

"Dada Damaris, kwetu mtu akishazikwa, jina lake hupewa mtoto. Sisi tumeshaipa kompyuta hii lake. Wewe ndiye hujamzika."

Nikaifuta ile anwani, nikaandika mpya.

"Jaribu sasa."

Nikamsikia akibonyeza.

"Nyangate ameingia," akasema polepole.