Mama Andalio

"Andalio la somo liko wapi?"

Mkufunzi aliuliza mlangoni mwa darasa la kijijini, hata kabla ya kujibu shikamoo. Wanachuo hawakumwita Mama Andalio bure. Miaka kumi na minne alikuwa akiwafunza namna ya kufundisha shule za vijijini, na sheria yake ilikuwa moja: asiye na daftari la maandalio amefeli mazoezi, arudie mwaka. Yeye mwenyewe vijijini alifika siku za ukaguzi tu, na saa sita haikumkuta huko.

"Sina, Madam," mwanachuo wake alijibu. Chaki ilikuwa imemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Huna? Wewe niliyekuwa nikikutolea mfano? Makubwa haya!"

"Nilikuwa nalo. Limekwisha."

Limekwisha! Daftari la kurasa mia, kwa wiki mbili? Labda anamwona mtoto mwenzake. Mkufunzi akatoa fomu ya tathmini, akachora sifuri nyekundu penye andalio, kisha akaingia ndani ajionee hicho kinachofundishwa.

Watoto walikuwa wameketi sakafuni, madarasa matatu chumba kimoja, ubao umegawanywa kwa mistari miwili ya chaki. Huku walisoma silabi, kule waligawanya kwa saba. Karibu kila mmoja alikuwa na karatasi gotini. Mkufunzi akaokota moja, akaigeuza. Akauona mwandiko anaoujua: malengo, hatua, zana, dakika. Akageuza ya pili. Ya tatu. Zote kurasa za daftari la maandalio.

"Hawana madaftari?"

"Wenye nayo ni sita, Madam. Nami niko peke yangu, mwalimu mkuu anaumwa tangu nifike."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Ulitwambia visingizio havisahihishwi."

Maneno yake yaleyale! Alikuwa akiyasema kila mwaka, na darasa zima hucheka. Leo aliona aibu hata kuinua uso.

Mwisho wa mstari, kitoto cha kike kilikuwa kikiandika vumbini kwa kidole. Kikaitazama ile fomu.

"Mwalimu, hiyo nyuma haina kitu?"

Mkufunzi akaigeuza. Nyeupe pee. Akachuchumaa, akampa fomu, akampa na kalamu yake nyekundu.

Mtoto akaandika jina lake polepole, ulimi nje, akikandamiza kwa nguvu zote, mpaka herufi zikatokeza upande wa pili, juu ya sifuri.