Wagonjwa Hamsini na Watatu

Ulipita kituoni kwetu siku ya kliniki ya presha, ukaona benchi limejaa akina mama, ukageuza shingo kama mtu anayetafuta bodaboda. Usibishe, nilikuona. Miaka arobaini nimekaa ukingo huu wa ziwa na nimeona shingo nyingi zikigeuka. Nimewaona pia watafiti waliowatoboa watoto wetu vidole, wasirudi kutuambia walichokikuta ndani ya ile damu. Ndiyo maana takwimu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba nilivyochakura sokoni Kibuye, kurasa zimeliwa na mende.

Daktari Wahu alizisikia habari zangu. Yeye huwafundisha utafiti madaktari wanaosomea tiba ya familia mjini Kisumu, akaniomba niwe nikiketi darasani kama mtu wa kijiji, niulize nitakalo. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Calvince, daktari wa mwaka wa mwisho, shati limenyooka utadhani limetoka dukani asubuhi hiyo. Alikuwa amepitia mafaili ya wagonjwa wa presha wa kituo chetu. Robo tatu yao, alisema, presha imetulia. Wenzake wakampigia makofi.

Niliuliza mafaili yalikuwa mangapi. Mia mbili na arobaini. Na aliyoyahesabu? Mia moja themanini na saba. Yale mengine, akanieleza kwa upole wa kumwelekeza bibi kizee chooni, hayakukamilika. Wagonjwa waliacha kuja, na kanuni zilimruhusu kuwaweka kando.

"Kando wapi, Daktari?"

Wakacheka. Wahu hakucheka. Alimpa wiki mbili awatafute wote hamsini na watatu.

Siku hiyohiyo Wachira, msimamizi wa kituo, akampigia Calvince simu. Alimkumbusha kwamba mafaili ni mali ya kituo, na barua ya idhini imetiwa sahihi na mkono wake. Mkono huohuo unaweza kuiondoa. Bila barua hakuna utafiti, na bila utafiti Calvince angeurudia mwaka mzima. Alinisimulia haya tukiwa njiani kuwatafuta, nyuma ya soko la Kombewa, viatu vyake vimevaa tope kama soksi za pili.

"Hawa watu wamehama tu, Mama. Unanitembeza bure."

Wa kwanza tulimkuta hai, dawa ameziacha. Wa pili tulimkuta mbele ya nyumba yake, chini ya saruji.

"Sasa unataka nihesabu makaburi?"

"Nataka usome tarehe."

Alisoma. Siku ya tatu aliacha kulalamika, na kufikia ya sita aliacha hata kunisubiri. Alikuwa akiingia bomani mwenyewe, anasalimu, anauliza, anachuchumaa kando ya saruji na kuandika. Mimi nilibaki nyuma na hasira yangu, nikiwa sina pa kuiweka.

Ndipo tukafika kwa Obiero, mvuvi aliyekuwa mume wa Dorca, mmoja wa wale hamsini na watatu. Alitupa viti, akamwita mwenzangu Daktari, akatutolea kadi ya kliniki ya marehemu iliyotunzwa ndani ya Biblia. Mistari minne, wiki nne zikifuatana, maneno ni yaleyale: hakuna dawa, arudi wiki ijayo. Kutoka mstari wa mwisho hadi tarehe iliyochorwa kwenye saruji zilikuwa siku tisa.

Calvince aliishika kadi muda mrefu. Nilidhani anapiga hesabu.

"Mzee," alisema, "mstari wa tatu niliuandika mimi. Nilikuwa zamu pale. Uso wake siukumbuki."

Kuku walikuwa wakiparura uani, na hakuna aliyewafukuza. Obiero aliichukua kadi, akautazama ule mstari kana kwamba anauona mara ya kwanza.

"Uliandika arudi," alisema. "Akarudi. Hilo nalo liandike."

Ameliandika. Wote hamsini na watatu wamo sasa: kumi na tisa wamekufa, na wiki kumi na moja kituo hakikuwa na kidonge hata kimoja cha presha. Aliandika pia kwamba mmoja wa waliowarudisha nyumbani ni yeye. Wachira ameiondoa barua yake. Wahu amekataa kusalimu amri, na Alhamisi saa tatu asubuhi jopo la chuo litaamua kama utafiti huu upokelewe au utupwe pamoja na mwaka wa kijana huyu.

Kanuni zao wenyewe zinasema watu wa kijiji wanaruhusiwa kuingia na kusikilizwa. Mpaka leo tumejiandikisha wawili, mimi na Obiero. Wewe una mtu wako uliyemzika mwaka ule, na unajua dawa zilikuwa zimeisha. Pole zako sizitaki. Njoo usimame mbele ya jopo, ulitaje jina lake kwa sauti, nao waliandike. Daftari la kujiandikisha liko kwangu na mlango uko wazi. Vaa viatu uje.