Usipige Mchana

Simu ya Vidole ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiichomoa kwenye chaja inazima papo hapo, kama mtu aliyekata kauli. Betri ilishavimba, fundi alishasema ni ya kutupa, na Vidole alishamjibu kwamba mtoto wake anahitaji viatu kuliko yeye anavyohitaji betri. Basi akiwa kazini simu ilikaa kwenye soketi chini ya kioo chake, kwa waya mfupi kama mkia wa mbuzi, na siku zote aliiondoa sauti.

Jumamosi hiyo aliiacha na sauti yake. Mwanawe, msichana wa miaka mitatu, aliamka anachemka kama sufuria.

"Akizidi, mpeleke zahanati, kisha unipigie," alimwambia mama yake kabla ya kutoka. Alisema kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, maana kuta za chumba chao cha kupanga zilikuwa nyembamba.

Bibi wa mtoto alimtazama. "Si ulisema nisipige mchana?"

"Leo piga."

Angeweza kubaki nyumbani. Lakini saluni haina huruma siku ya Jumamosi. Asiyekuja Jumamosi, Jumatatu anakuta mwingine amekalia kiti chake, na wasusi wa kutafuta viti walikuwa wengi kuliko vichwa vya kusuka. Mtoto anahitaji dawa, dawa inahitaji kazi. Vidole alifunga mlango akaenda.

Jina la Vidole alipewa na mwenye saluni, aliyeitwa Madam na kila mtu, hata na mumewe. Mteja wa kwanza wa Vidole alitoka na rasta nyembamba kama uzi wa kushonea, zimenyooka, na Madam akasema hivi ni vidole au ni mashine? Likaganda. Lilikuwa jina zuri, isipokuwa kwamba mji ule ulikuwa na utani wake: ukishikana mkono na mtu wa bondeni, hesabu vidole vyako.

Na Vidole alikuwa wa bondeni.

Hakuna aliyejua. Alikuja mjini bado anang'oka meno ya utoto, akasoma huko, na lugha ya mjini ilimkaa mdomoni bila doa. Siku aliyoomba kazi Madam alimuuliza, "Wewe wa wapi?" Akajibu, "Wa hapa hapa." Tangu hapo ameishi juu ya neno hilo kama mtu aliyekalia kiti cha miguu mitatu. Mambo yalikuwa magumu zaidi mama yake alipokuja kumlelea mtoto, kwa sababu mama huyo alijua maneno mawili tu ya lugha ya mjini, "asante" na "bei gani", na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya shamba. Ndiyo sababu ya ile amri ya kutopiga mchana.

Asubuhi hiyo kwenye kiti chake alikaa Mama Ukumbi. Huyu alikuwa na ukumbi wa harusi, na jioni kulikuwa na shughuli. Alileta wateja wengi kuliko kibao cha mlangoni, hivyo akiingia hata feni ilielekezwa kwake. Mkoba wake aliuweka kwenye kishubaka mbele ya kioo, mdomo wazi, kama kawaida yake.

"Nimemfukuza yule binti," alisema kabla njia ya kwanza haijapasuliwa kichwani.

"Binti yupi tena, Mama?" aliuliza Dada wa Kucha, aliyekuwa kiti cha pili na brashi yake ya rangi.

"Si yule wa bondeni. Sukari ilikuwa inapungua."

"Labda sisimizi."

"Sisimizi ana miguu sita. Huyu alikuwa na miwili."

Dada wa Kucha akacheka mpaka rangi ikaingia kwenye ngozi ya mteja wake. Vidole naye akacheka. Alikuwa na kicheko maalumu kwa mambo hayo, kifupi, cha puani, alichokitoa kama mtu anayetoa nauli.

"Mimi siwachukii," Mama Ukumbi akaendelea. "Sina ubaya na mtu. Ila wameumbwa hivyo, utafanyaje? Na hospitali hawaendi. Mtoto anakufa huku wanamfunga kitambaa mguuni. Sindano wanaikimbia kama nyoka."

"Kweli kabisa," alisema Dada wa Kucha, ambaye mwenyewe akidungwa huzimia.

"Na sura zao za upole. Yule binti ungemwona, Vidole, mpole kama wewe."

"Eeh," alisema Vidole.

Alichukua nywele nyingine akazipaka jeli. Mikono ilienda yenyewe. Macho yalikuwa kwenye simu. Mtoto amepoa? Au amezidi na mama anaogopa kupiga, kwa sababu amekatazwa mara nyingi mno? Alifika nusu ya kichwa. Upande wa kulia ulikuwa umekamilika, wa kushoto umesimama wima kama shamba lisilopaliliwa. Hapo simu ikaita.

Kioo cha simu kikaandika: Mama.

Vidole aliganda. Mikono yote miwili ilikuwa na jeli hadi viganjani.

"Mama yako huyo," alisema Mama Ukumbi, ambaye simu ilikuwa mbele ya pua yake. "Pokea. Mama hapuuzwi."

"Nitampigia baadaye."

"Baadaye ipi? Mikono imechafuka, ngoja nikusaidie." Na kwa wema wa kweli kabisa, maana alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, Mama Ukumbi akanyoosha kidole chenye rangi mpya, akabonyeza, akaweka spika.

Saluni nzima ikajaa kilio cha mtoto. Juu ya kilio, sauti ya mama yake, kwa lugha ya bondeni, kali na ya haraka: "Uko wapi? Wanataka kumchoma ile. Ile ile. Hawanisikii!"

Vidole alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa lugha ya mjini, laini, kama anaongea na mteja. "Mama, subiri kidogo. Nitakupigia."

Upande wa pili mtoto akaendelea kulia.

"Nani wewe?" mama yake aliuliza.

Kwa mbali, nyuma yake, sauti nyingine ya kike ikasikika, ya mtu aliyechoka tangu juzi. "Jamani, nishikieni huyu bibi. Hawa wanaogopa sindano, ndivyo walivyo. Mama, mshike huo mkono, nimdunge mtoto tumalize."

Vidole akaelewa. Mama yake haogopi sindano. Mama yake amezaa watoto saba na kuwapeleka wote kudungwa, kwa miguu, kuvuka mto. Ila mwaka uliopita mtoto huyu alidungwa penisilini, midomo ikavimba, koo likabana, akawa wa bluu mikononi mwa bibi yake, ambaye hakuisahau chupa ile. Daktari alisema asidungwe tena kamwe. Iliandikwa kwenye kadi ya kliniki. Na kadi, kama kadi zote siku zinapohitajika, ilikuwa nyumbani juu ya kabati.

"Mama, ni mimi!" alisema kwa lugha ya kwao. Alisema kwa sauti ile ile ya kuita mtu ng'ambo ya shamba. Hakujua kama anayo. "Usimwachie. Mng'ang'anie. Mpe huyo muuguzi simu. Weka simu sikioni mwake."

Vurugu kidogo, kisha ile sauti iliyochoka. "Haloo. Wewe ni nani?"

"Mama wa mtoto. Ameshadungwa?"

"Bibi huyu kanikamata mkono kama askari, nimdunge saa ngapi?"

"Kama ni penisilini, usimdunge. Inamdhuru. Mwaka jana ilimbana koo, nusura tumzike."

Mtoto alilia, akakohoa, akalia.

"Sasa mbona hakusema?"

"Amesema. Anasema tangu uliposhika hiyo sindano."

"Haya," alisema muuguzi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Naiweka chini. Namwita daktari aangalie nyingine. Lakini njoo wewe mwenyewe, dada. Huku hatuelewani."

Simu ikakatika. Draya ilikuwa bado inavuma juu ya kichwa cha mteja wa pembeni, ambaye peke yake hakusikia kitu na aliendelea kusoma gazeti. Dada wa Kucha alishikilia brashi hewani. Vidole alisimama na mikono yake ya jeli mbele, kama mtu anayesubiri kufungwa pingu.

Mama Ukumbi alinyoosha mkono, akauchukua mkoba wake kwenye kishubaka, akaufunga zipu, akauweka mapajani. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama unavyosogeza glasi iliyo ukingoni mwa meza. Halafu macho yao yakakutana kwenye kioo, na yeye ndiye aliyetazama pembeni.

Mkoba huo ulikuwa umekaa hapo tangu asubuhi, mdomo wazi.

"Kumbe," alisema Mama Ukumbi.

"Kumbe nini, Mama?"

"Hapana. Mtoto kwanza." Akajigusa kichwa, upande wa kushoto. "Ila na mimi... jioni nina watu."

"Vidole," aliita Madam kutoka nyuma. "Njoo stoo."

Stoo ilikuwa nafasi ya mtu mmoja na nusu, katikati ya maboksi ya rasta. Madam alivuta pazia.

"Nilijua," alisema. "Ukigawa nywele unahesabu, midomo inacheza. Huhesabu kwa lugha yetu. Nilijua mwezi wa kwanza."

Vidole alihisi joto linampanda masikioni. Miezi yote ile ya kujibana. "Na hukusema."

"Niseme nini? Unasuka vizuri. Mimi sina tatizo na nyinyi, kwa kuwa hamjaniibia." Alisema hivyo kama mtu anayetoa sifa. "Tatizo ni yule pale. Akijua yeye, ukumbi mzima umejua. Sasa sikiliza. Rudi ukammalizie kichwa. Nitamwambia yule ni mama mkwe wako, uliolewa huko, lugha umejifunza kwa shida. Atakuonea huruma. Ukimaliza, nenda zahanati."

"Mtoto anasubiri dawa nyingine, Madam. Mama hawezi kumweleza daktari."

"Ni nusu ya kichwa tu."

"Na daktari akimletea kitu kingine kibaya?"

"Ukitoka sasa," Madam alisema taratibu, "sijui Jumatatu nitakuambia nini. Sikutishi. Nakwambia hali ilivyo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoumiza. Vidole aliona kodi ya chumba, aliona viatu visivyonunuliwa, aliona nusu ya kichwa cha Mama Ukumbi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Alishasema mkubwa zaidi.

"Mama mkwe wangu alishakufa, Madam," alisema. "Yule ni mama yangu."

Alinawa mikono kwenye sinki la kuoshea nywele. Jeli ni kitu kinachong'ang'ania. Aliacha nyingine katikati ya vidole. Alipita mbele ya kioo, akachomoa simu, nayo ikazima. Mama Ukumbi alikuwa amekumbatia mkoba. Alionekana wa ajabu, nusu bibi harusi, nusu mtu aliyetoka usingizini, na siku nyingine Vidole angecheka.

"Nikimwona amepoa, nitarudi nikumalizie," alimwambia.

Mama Ukumbi alimtazama Madam, si yeye. "Tutaona," alisema.

Njia nzima Vidole alikuwa nusu anatembea, nusu anakimbia, na simu mfu mfukoni. Kama wanampigia, hajui. Kama daktari amekuja, kama amechukua chupa nyingine, kama mama ameng'ang'ania tena na safari hii wamemtoa nje, hajui. Alikatiza sokoni, akapigana vikumbo na watu bila kuomba radhi.

Aliwakuta kwenye benchi la korido. Mtoto alikuwa amelala begani kwa bibi yake, mdomo wazi, anapumua. Vidole aliinama akasikiliza pumzi hiyo, akaisikiliza tena. Midomo ilikuwa ya kawaida. Daktari alikuwa amempa dawa ya maji na kusema watamwangalia mpaka jioni. Muuguzi alipita na sinia lake, akasimama.

"Siku nyingine aje na kadi," alisema. Kisha, baada ya kuwaza, akarudi na kikombe cha maji akampa bibi. Bibi akasema, "Asante," neno lake moja kati ya mawili.

Vidole akakaa. Mama yake alikuwa na alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono, mahali walipomvuta.

"Nilipopiga," mama yake alisema kwa lugha yao, bila kumtazama, "alipokea mwanamke wa lugha ya mjini. Ana adabu sana. Sikumjua. Nikasema nimekosea namba."

Vidole alikigusa kile kifundo cha mkono.

"Nilikuwa nakata, mwanangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe."

Korido ilikuwa imejaa watu, na wote walikuwa na masikio. Vidole alifuta jeli kwenye sketi yake, akamchukua mtoto, akamlaza mapajani. Halafu akaanza kumweleza mama yake yote: kiti, kichwa cha nusu, Madam, Jumatatu. Alieleza kwa lugha ya bondeni, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mama yake.

Mwanamke aliyeketi pembeni yao akageuza shingo. Akausogeza mkoba wake upande wa pili.

Vidole alimwona. Hakunyamaza, lakini kwa muda wote alioendelea kuongea hakuweza kuondoa macho kwenye ule mkoba.