Kitambaa cha Kompyuta

Fundi aliiongezea kompyuta kuukuu memori na kadi ya picha, kisha akamwonya mzee. "Sasa inacheza filamu na hata gemu, lakini inapata joto. Usiifunike, baba. Inapumulia huku nyuma."

"Kumbe nayo ina mapafu!" mzee alicheka.

Nyumbani alimkuta mkewe, aliyekuwa kitandani mwaka mzima, amemaliza kufuma kitambaa cha kuifunika. Vidole vyake vilivyokakamaa vilikuwa vimekihangaikia miezi mitatu.

"Mvalishe mgeni wetu," alisema. "Kisha uniwekee filamu. Baadaye nitakufunga kwenye karata, usije ukalia."

Mzee alilikumbuka onyo. Akavitazama vile vidole, akakitandika kitambaa mpaka nyuma.

Siku ya tatu, mchana wa mvua, filamu ilikatika katikati na kioo kikawa cheusi. Mzee alikigusa kitambaa, kikamchoma. Kompyuta haikuwaka tena.

"Baba watoto, kuna nini?"

Mzee aliinuka upesi, akazima taa ya chumbani kabla mkewe hajageuza shingo.

"Umeme umekatika, mama watoto," alisema. "Tuusubiri."